Utangulizi wa kipindi kwa fidibaki ya video: jibu kwa msomaji anayepata weupe mtupu

Msomaji mmoja anatengeneza tamthilia fupi ambayo matukio yake yamewekwa katika miaka ya 1960. Anataka utangulizi wenye yale mawingu ya mwanga yanayofumuka, kujikunja na kupotea, kama ilivyokuwa kwenye televisheni ya Uingereza ya wakati huo. Amejaribu programu za kompyuta na hakuridhika. Sasa amepata TV ya chogo na kamera ya zamani ya kanda, ameziunganisha kwa waya wa AV, lakini kila anapoielekeza kamera kwenye skrini hupata ama korido ya fremu ndani ya fremu, ama weupe mtupu unaofunika kioo chote. Anauliza tatizo liko wapi, jina la kipindi aliingizeje, na kama TV bapa ya kisasa ingemfaa zaidi.

Ndugu yangu, vifaa vyako vinatosha, na hayo mawili unayoyapata ni dalili kwamba mzunguko wenyewe, yaani fidibaki ya video ambapo kamera inatazama skrini inayoonyesha picha ya kamera hiyo hiyo, unafanya kazi. Kilichobaki ni kuutuliza katikati ya hali hizo mbili, kwa kuwa mawingu unayoyatafuta yanaishi kwenye ukanda mwembamba sana kati ya giza na weupe, na kazi yote ya mikono ni kuubakiza mzunguko humo.

Nianze na mfano ambao bila shaka ndio ulioko akilini mwako, yaani utangulizi wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya kubuni kisayansi, uliorushwa na BBC kwa mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1963. Msanifu wa michoro alikuwa Bernard Lodge, na fundi aliyeufanyia kazi mzunguko alikuwa Norman Taylor. Kabla yao kulikuwa na majaribio ya fundi mwingine wa BBC, Ben Palmer, na ni majaribio hayo yaliyoonyesha kwamba kamera inayotazama skrini yake yenyewe inaweza kuzaa maumbo ambayo hakuna mkono ulioyachora. Mafundi wa sauti walikuwa wakiijua kanuni hiyo siku nyingi, maana ndiyo inayofanya maiki iliyowekwa karibu na spika ipige mluzi: kinachotoka kinarudi kuingia, kinakuzwa, kinatoka tena. Lodge na Taylor waliufanya mluzi huo kwa mwanga, wakairekodi picha kwenye filamu, wakachagua vipande vilivyo bora na kuviunga.

Zingatia hilo la kuchagua. Utangulizi ule wa sekunde chache haukutokea kwa mkupuo mmoja. Ulikatwa kutoka kwenye picha nyingi zaidi zilizorekodiwa. Nawe upange hivyo hivyo: weka kanda ndefu, cheza na mzunguko kwa muda mrefu, kisha kaa na mkasi. Anayesubiri mpaka picha iwe nzuri ndipo abonyeze kitufe cha kurekodi atapishana na kila kilicho kizuri, kwa sababu maumbo bora huja wakati wa mpito kutoka hali moja kwenda nyingine, nayo hayajirudii kwa agizo.

Sasa tuje kwenye weupe wako. Kila mara picha inapotoka kwenye kamera, ikaonekana kwenye skrini na kurudi kwenye lenzi, mwanga wake ama umeongezeka kidogo ama umepungua kidogo. Kwenye PAL, mfumo wa televisheni ya analojia uliotumika kwetu Afrika Mashariki kama huko Uingereza kabla ya dijitali, picha kamili ni 25 kwa sekunde, kwa hiyo tuseme mzunguko unazunguka mara 25 kila sekunde. Ikiwa kila duru inabakiza asilimia 90 ya mwanga wa duru iliyotangulia, baada ya sekunde moja inabaki asilimia 7 tu, na kioo ni giza. Ikiwa kila duru inaongeza asilimia 10, baada ya sekunde moja mwanga unataka kuwa karibu mara 11 ya ulivyoanza. Mfumo hauwezi kuubeba, na unapata ule weupe. Tofauti ya hali hizo mbili kwenye kitufe cha kontrasti cha TV yako huenda isizidi hatua chache za rimoti. Ndiyo maana mtu anayebadilisha mambo kwa pupa hulivuka eneo linalohitajika bila kujua kuwa amelipita.

Adui wako mkubwa hapa ni otomatiki ya kamera. Kamera za kanda za nyumbani ziliundwa kumsaidia mtu anayerekodi harusi: zikiona giza zinafungua lenzi, zikiona mwanga zinaifunga, zikikosa ukali wa picha zinatafuta fokasi. Ndani ya mzunguko wa fidibaki huruma hiyo ni balaa, kwa sababu kamera inajibu mabadiliko ambayo yenyewe imeyasababisha, na picha inabaki kupumua, mara nyeupe mara nyeusi, bila kutulia. Ingia kwenye menyu, weka mwanga wa lenzi kwa mkono, weka fokasi kwa mkono, funga urekebishaji wa rangi nyeupe, na uzime kile kinachotuliza mtikisiko wa mkono. Ikiwa kamera yako haina modi ya mkono kabisa, ni bora utafute nyingine kuliko kupigana nayo. Kamera ndogo ya ulinzi (CCTV) yenye lenzi ya kuzungushwa kwa vidole inaweza kufaa sana kwa kazi hii, mradi iwe inatoa ishara ya analojia ya kawaida. Nyingi za siku hizi hutoka dukani zikiwa kwenye mfumo mwingine wa picha kubwa, na lazima zigeuzwe kwa swichi yake kwenda CVBS, ambayo ndiyo ishara hiyo ya kawaida ya analojia, ndipo TV ya chogo iielewe.

Jambo la pili ni mgawanyo wa ishara. Unahitaji kuitazama picha na pia kuirekodi, na watu wengi huweka kigawio cha waya: tawi moja linaenda kwenye TV, jingine kwenye kifaa cha kuingizia video kwenye kompyuta. Ishara ya video imeundwa kwa mzigo mmoja wa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ukiipa mizigo miwili kwa pamoja, volti inashuka hadi takriban theluthi mbili ya inavyopaswa kuwa, picha inafifia na mzunguko unakosa nguvu ya kujishikilia. Njia safi ni kupitisha ishara kwenye deki ya kurekodia video: kamera iingie kwenye tundu la njano la kuingizia, TV ichukue kutoka tundu la kutolea, na deki irekodi huku picha ikipita. Kama deki haipo, ziko TV za chogo zenye tundu la AV la kutolea kwa nyuma, nalo linafanya kazi hiyo hiyo.

Korido ya fremu ndani ya fremu ni suala la ukubwa na wala halihusiani na mwanga. Kamera inapouona ukingo wa TV, kila duru inaizaa TV ndogo zaidi ndani ya nyingine, na macho yanaingia kwenye shimo. Isogeze kamera mbele, au vuta zumu, mpaka kingo zote nne za skrini ziguse kingo za picha, halafu ongeza kidogo sana, ili sehemu inayoonwa na kamera iwe ndogo kuliko skrini. Hapo mwelekeo unageuka: kila kitu kilicho katikati sasa kinasukumwa nje. Ukikuza kwa asilimia 5 kila duru, doa la mwanga linakuwa zaidi ya mara tatu kwa upana ndani ya sekunde moja, na huo ndio mwendo wa kukimbilia mbele unaouona kwenye utangulizi wa zamani. Ukikuza kwa asilimia 1 au 2 tu unapata mtiririko mzito, wa polepole, ambao mimi binafsi naupenda zaidi kwa tamthilia ya siri na wasiwasi.

Kisha kuna kuizungusha kamera kwenye mhimili wa lenzi yake. Kamera iliyonyooka sawasawa na TV inazaa maumbo yanayokimbia moja kwa moja kwenda nje. Ukiiinamisha nyuzi chache, kila duru inainama tena juu ya ile iliyotangulia, na maumbo yanajiviringisha kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Kwa nyuzi 90 unapata mikono minne, kwa 45 unapata minane. Stendi za kawaida haziruhusu kamera kuzunguka kwa uhuru kwenye mhimili wa lenzi, hivyo tafuta namna ya kuilaza na kuiegemeza kwa usalama, au uizungushe TV yenyewe ikiwa ni ndogo. Ukitaka ule ulinganifu wa kushoto na kulia, ambapo wingu linaonekana kama uso au kama mbawa zilizofunguliwa, usiielekeze kamera kwenye TV: ielekeze kwenye kioo cha kujitazamia kinachoiakisi TV. Kila duru sasa inageuza kushoto kuwa kulia, na doa lililozaliwa upande mmoja linapata pacha wake upande wa pili mara moja. Kingo za kioo zisionekane kwenye picha, na kiwe kisafi, maana alama ya kidole itakuzwa na mzunguko mpaka iwe sehemu ya sanaa.

Tuchukue sasa namna ya kuuwasha. Chumba kiwe na giza kamili, pamoja na taa ndogo za king'amuzi na chaja, ambazo kamera inaziona hata kama wewe huzioni. Zima rangi kwenye TV mpaka picha iwe nyeusi na nyeupe. Shusha kontrasti mpaka skrini iwe giza na ibaki giza. Chukua tochi ndogo, ifunike kwa kidole ukiacha upenyo mdogo, na uipitishe mara moja mbele ya lenzi. Utaona mkia wa mwanga ukitokea na kufa. Pandisha kontrasti hatua moja, upitishe tochi tena. Mkia utakaa kidogo zaidi. Endelea hivyo, hatua kwa hatua, bila haraka. Itafika hatua ambapo tochi imeondoka na mwanga haufi: umebaki kwenye kioo unajikunja, unakula pembeni, unatoa vidole, unarudi. Hapo acha kabisa kontrasti, na kuanzia hapo uendeshe kwa fokasi na mwanya wa lenzi pekee. Fokasi ikilegezwa kidogo, kingo kali zinayeyuka na maumbo yanakuwa moshi. Ikikazwa, yanageuka kuwa nyuzi na mistari. Badilisha fokasi kidogo sana, kisha usubiri sekunde mbili kabla ya kuigusa tena, kwa kuwa picha iliyoko kioni imebeba kumbukumbu ya duru nyingi zilizopita na inahitaji muda wa kuisahau hali ya zamani.

Huenda ukaona kwamba hata ukifanya yote haya picha yako ni kavu kuliko ile ya 1963. Sababu iko kwenye jicho la kamera. Studio za wakati ule zilitumia kamera za mirija, yaani zilizopokea picha kwa mrija wa kioo badala ya chipu, na mirija ilikuwa na tabia zake. Aina ya imeji othikoni, iliyokuwa ya kawaida studioni, iliweka duara jeusi kuzunguka mwanga mkali. Aina ya vidikoni iliacha mkia nyuma ya kila kitu kilichosogea, kwa kuwa picha ya zamani haikufutika mara moja. Kamera yako, ikiwa ni ya miaka ya 1990, ina CCD, chipu ya kupokea mwanga, ambayo hufuta picha kila mara na kuanza upya. Ukiweza kupata kamera ya nyumbani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yenye mrija, ichukue, lakini usiielekeze kwenye jua wala taa kali, kwa kuwa mrija huungua na alama haitoki. Usipoipata, punguza kasi ya shata mpaka chini ya 1/50 ikiwa kamera inaruhusu, na uweke kitambaa chembamba cha nailoni mbele ya lenzi ili mwanga usambae. Haitakuwa sawasawa na mrija, ila ukavu utapungua kwa kiasi kikubwa.

Sasa jina la kipindi, na hapa ndipo nina msimamo mkali. Watu wengi hutengeneza mawingu mazuri kisha huyaweka maandishi juu yake kwenye kompyuta, na kazi yote inavunjika, kwa sababu herufi zinakaa juu ya picha bila uhusiano wowote nayo. Lodge aliyaingiza maneno kwenye mzunguko wenyewe. Alieleza baadaye kwamba hakutarajia jambo lililofuata: yale maneno mawili, yaliyopangwa katika mistari miwili inayokaribia kulingana, yalianza kuzaa maumbo yao wenyewe. Ndiyo sababu jina lile linaonekana kama limetoka ndani ya wingu.

Bila vifaa vya studio unaweza kufanya hivyo kwa kipande cha kioo cha dirisha. Kisimamishe mbele ya lenzi kwa pembe ya nyuzi 45, ili kamera iione TV kupitia kioo, na wakati huo huo ione kwa kuakisiwa kadi iliyowekwa ubavuni. Kadi iwe nyeusi isiyong'aa, na herufi nyeupe, nene, zisizo na mapambo, zilizochapwa kinyume kwa sababu kioo kitazigeuza. Kioo cha kawaida kwa pembe hiyo huakisi takriban sehemu moja ya kumi ya mwanga, hivyo kadi inahitaji taa yenye nguvu, iliyofungiwa pembeni kwa karatasi nyeusi isimwagike kwenye TV. Taa iwe na swichi ya kupunguzia mwanga. Ikiwa imezimwa, herufi hazipo; ukiipandisha polepole, herufi zinaingia kwenye mzunguko, zinaanza kutoa mikia, mikia inajikunja, na jina zima linamea. Kadi yako ikae katikati kabisa ya picha, kwa kuwa kila kilicho pembeni kinasukumwa nje upesi na herufi za mwanzo na mwisho zitapotea. Majina mafupi yanafaa kuliko marefu, na mistari miwili yenye urefu unaokaribiana ni bora kuliko mmoja mrefu.

Jina lisomeke wakati gani? Taa ikiwa imepanda, shusha kontrasti ya TV hatua moja au mbili. Mzunguko unapoteza uwezo wa kujilisha, mawingu yanarudi nyuma kuelekea herufi, na baada ya muda mfupi inabaki kadi yako peke yake, safi. Ukipenda kinyume chake, yaani wingu linalojikusanya na kuwa jina, anza na jina safi, pandisha kontrasti mpaka lisambaratike, kisha geuza kipande hicho kirudi nyuma wakati wa kuhariri. Kwa sura ya mwigizaji njia ni ile ile: badala ya kadi weka picha yake yenye mwanga mkali upande mmoja. Doctor Who yenyewe ilianza kuonyesha sura ya mhusika mkuu kwenye utangulizi mwaka 1967, alipoigizwa na Patrick Troughton.

Kuhusu rangi, nakushauri usifanye fidibaki ya rangi kwa kazi hii. Kosa dogo la rangi linakuzwa kila duru kama mwanga unavyokuzwa, na kwa kawaida picha huishia kwenye rangi moja au mbili kali ambazo hukuzichagua. Kipindi kile kilipoingia kwenye rangi, Januari 1970, maumbo yalitengenezwa kwa nyeusi na nyeupe kisha yakatiwa rangi baadaye kwenye filamu, na ni maumbo yenye nguvu sana. Kwa tamthilia ya miaka ya 1960 wala hulihitaji hilo. Ukiitaka rangi, itie wakati wa kuhariri.

Mambo mawili ya usalama. Usiifungue TV ya chogo kwa sababu yoyote, hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa ndani kuna volti elfu nyingi zinazoweza kubaki baada ya kuzimwa. Na unapochagua vipande, acha kila kinachomweka kwa nguvu zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwani mimweko ya namna hiyo inaweza kumletea kifafa mtazamaji mwenye hali hiyo. Fidibaki inayopumua huzaa mimweko hiyo kwa urahisi, na ni lazima iondolewe hata ikiwa inavutia.

Umeuliza mwisho kama TV bapa ingefaa zaidi. Itazaa fidibaki, na watu wamepata picha nzuri nayo, lakini si picha unazozitafuta. TV ya chogo inachora ishara papo hapo inapoipokea, mstari kwa mstari, ilhali TV bapa huihifadhi kwanza, huipanua ienee kwenye nukta zake, mara nyingi hunoa kingo na kusafisha chembechembe, ndipo huionyesha. Ucheleweshaji wa fremu kadhaa unaufanya mwendo uende kwa kurukaruka badala ya kutiririka, na unoaji wa kingo unakuzwa mpaka picha inajaa mistari migumu. Ikibidi kuitumia, iweke kwenye modi ya michezo ya video, ambayo hupunguza uchakataji, na uzime kila kitu chenye jina la kuboresha picha. Ila kwa kuwa ya chogo tayari unayo, anza nayo usiku wa leo, ukiwa na tochi, na kontrasti ikiwa chini kabisa.